Tairi kwanza, kuinua baadaye: jinsi ya kuchagua matairi na rimu za gari la 4x4 lililoinuliwa

Mtindo wa kuinua magari ya 4x4 umeshika kasi hapa Pwani. Prado, Hilux, Jimny na hata Land Cruiser za zamani zinatolewa springi na shokabu za kiwandani, zinapachikwa za juu zaidi, kisha zinavishwa matairi makubwa na rimu pana. Wako wanaofanya hivyo kwa haja ya kweli: mwenye shamba Magarini, mchukuzi wa samaki kutoka Kipini, muuguzi anayezunguka zahanati za Ganze na Bamba wakati wa masika. Wako pia wanaofanya kwa pambo, na pambo si haramu. Lakini wote wawili hugongana na swali moja: tairi gani, na rimu gani?

Swali hili si la urembo. Tairi ndilo kitu pekee cha gari kinachogusa ardhi. Ukikosea springi, utarushwarushwa tu njiani. Ukikosea tairi au rimu, gurudumu laweza kukuhama ukiwa kwenye barabara kuu ya Mombasa na Malindi, na watoto wako kiti cha nyuma. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika jambo hili asiyechagua ndiye atakayelala porini.

Kuinua gari hufanya nini hasa

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichanganya. Springi ndefu huinua bodi na chasisi. Haziinui ekseli. Land Cruiser za 70, Defender za zamani na Jimny zina ekseli nzima mbele na nyuma, kwa hivyo hata ukiziinua nchi nne, difu zitabaki palepale zilipokuwa, zikikwaruza mgongo wa njia kama zamani. Prado na Hilux mbele zina mikono inayojitegemea, na difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, hivyo hupanda pamoja nayo. Lakini Hilux na Prado nyingi unazoziona barabarani nyuma zina ekseli nzima, na hapo hakuna kinachopanda.

Kinachoinua difu ni tairi tu, tena huinua kwa nusu ya tofauti ya kimo chake. Tuchukue mfano. Tairi la 265/70R16 lina kimo cha takriban milimita 777. La 265/75R16 ni kama 804. Tofauti ni milimita 27, na difu itapanda milimita 13 hivi, yaani upana wa kidole. Ukienda hadi 285/75R16, kimo ni kama 834, na difu itapanda karibu milimita 28. Hiyo ndiyo faida yote, hata fundi akusimulie vipi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ukiinua gari sentimita 5 umepata nafasi ya sentimita 5 zaidi ndani ya ngao ya gurudumu. Umepata gari likiwa limesimama. Ukiangukia shimo, springi hukunjika na gurudumu hurudi juu karibu palepale lilipokuwa likifika awali. Ndiyo maana gari lisilogusa chochote likiwa uwanjani kwa fundi huanza kusaga ngao na plastiki siku ya kwanza ya safari. Kabla ya kulipa, mwambie fundi apandishe gurudumu moja la mbele juu ya kilima au jiwe, kisha azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, mbele na kinyumenyume. Likigusa hapo, njiani litakata.

Kusoma ubavu wa tairi

Yote unayotaka kuyajua yameandikwa ubavuni mwa tairi. Chukua 265/75R16 112S.

Nambari 265 ni upana kwa milimita. 75 ni urefu wa ubavu, kwa asilimia ya upana huo. R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyolazwa. Matairi mengi ya leo ni hayo. 16 ni kipimo cha rimu kwa inchi. 112 ni uwezo wa kubeba, na nambari hii ina maana ya kilo 1,120 kwa tairi moja. 115 ni kilo 1,215, na 121 ni kilo 1,450. Herufi ya mwisho ni kasi: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180.

Uwezo wa kubeba ndio unaosahauliwa zaidi. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kilicho kwenye nguzo. Hapo kiwanda kimeandika saizi na upepo unaofaa. Usinunue kamwe tairi lenye nambari ya kubeba iliyo chini ya lile lililokuja na gari, hata kama ni kubwa na lina meno ya kutisha. Pikapu ya kubebea mawe ya Kinango au magunia ya korosho huweka uzito mwingi nyuma, si sawasawa kwa magurudumu yote manne.

Ukiona herufi LT kwenye saizi, tairi hilo limeundwa kwa kazi nzito, na ubavu wake una tabaka ngumu zaidi. Kwa mwenye kubeba mzigo au kupita kwenye mawe, hilo ndilo lake. Kwa mwenye Jimny asiyebeba chochote ila familia na kapu la samaki, LT laweza kuwa gumu na zito bila faida.

Mwisho, tafuta tarakimu nne zilizo mwishoni mwa msururu unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata likiwa dukani, na jua letu pamoja na joto haliisaidii mpira. Likifika miaka 6 lichunguzwe kila mwaka, na likifika 10 litupwe, hata kama meno yamejaa.

Meno gani kwa ardhi gani

Matairi ya 4x4 yamegawika mafungu matatu. HT ni ya lami. Ni kimya, hayali mafuta mengi, na kwenye matope ni kama viatu vya ngozi juu ya sabuni. MT ni ya matope: meno makubwa yaliyoachana, ubavu mnene, kelele nyingi, na kwenye lami iliyolowa breki zake ni dhaifu. AT yako katikati.

Sasa tazama Pwani yetu. Tuna ardhi za aina nyingi ndani ya safari ya siku moja.

Mchanga laini, kama ule wa njia za Kipini na nyuma ya fukwe za Mambrui, hautaki meno makubwa. MT kwenye mchanga huchimba kama jembe. Mchanga wataka tairi lililolala, lenye upepo kidogo na uso mrefu wa kukanyaga. AT au hata HT lililopunguzwa upepo litapita pale MT lililojazwa litakapozama.

Udongo mweusi wa delta ya Tana, ukinyeshewa, ndio mahali pekee ambapo MT linastahili bei yake. Udongo ule hujaza meno ya AT kwa mizunguko michache, na tairi hugeuka kuwa gogo laini. MT hujirushia matope nje kwa sababu nafasi kati ya meno ni pana.

Mawe ya matumbawe, kuanzia Msambweni hadi Kiunga, hukata ubavu. Hapa cha kutazama ni unene wa ubavu kuliko meno. Miba ya migunga ya Tsavo na Tana nayo hupenda ubavu mwembamba.

Barabara za changarawe na udongo mwekundu za Kinango, Marafa na kuingia Tsavo Mashariki ni nyumbani kwa AT.

Kwa hivyo jiulize kwa ukweli: kati ya siku 30 za mwezi, ngapi unakanyaga udongo mweusi? Barabara ya Garsen kwenda Witu na Lamu sasa ina lami. Mtu anayeishi Mombasa na kwenda shamba mara mbili kwa mwezi ni mtu wa AT. MT atalilipia kwa kelele, mafuta, na breki hafifu siku zile nyingine 28. Mwenye kazi ya kudumu kwenye delta, huyo anunue MT bila kusita.

Saizi: panda hatua moja

Kwa gari lililoinuliwa sentimita 4 hadi 5, hatua moja juu ya saizi ya kiwanda yatosha watu wengi. Aliye na 265/70R16 aende 265/75R16. Mwenye Land Cruiser au Defender ya 7.50R16 anaweza kuchukua 235/85R16, ambayo kimo chake ni karibu sawa na hupatikana bila tyubu. Tairi jembamba na refu halina sifa mjini, lakini kwenye matope yenye ardhi ngumu chini yake hukata hadi likafika pagumu, na halivutwi sana na mchanga ukilipunguzia upepo.

Ukiruka hatua mbili, hesabu ya gari hubadilika. Kutoka 265/70R16 hadi 285/75R16 ni ongezeko la asilimia 7 ya kimo. Kipimo cha mwendo kikisema 80, wewe uko karibu na 86. Kamera na polisi hawatasikiliza habari za tairi. Gia zote huwa ndefu kwa kiasi hichohicho, kwa hivyo injini hulemewa mlimani, na gari la gia za otomatiki hubaki likitafutatafuta gia. Breki nazo zasimamisha gurudumu zito na kubwa kuliko zilivyoundiwa, na masafa ya kusimama huongezeka. Hayo yote yana tiba, lakini kila tiba ina bei yake, na fundi wa matairi hatakutajia.

Usisahau spea. Tairi kubwa mara nyingi haliingii pale chini ya pikapu au halifungiki mlango wa nyuma bila kubadilisha kishikio. Nunua matano ya saizi moja, si manne. Prado nyingi husukuma magurudumu yote manne kila wakati, na tairi moja lenye kimo tofauti hufanya difu ya katikati izunguke bila kupumzika hadi iungue. Spea ndogo ya zamani yafaa kukufikisha kwa fundi wa pancha wa karibu tu.

Rimu: mambo matano ya kukagua

La kwanza ni mpangilio wa bolti. Prado, Hilux na Fortuner ni bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7. Jimny ni 5 kwa 139.7. Land Cruiser 100, 200 na 79 za tangu 1999 ni 5 kwa 150. Defender ya zamani ni 5 kwa 165.1.

La pili ni tundu la katikati. Hapa ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Ford Ranger nayo ni 6 kwa 139.7, lakini tundu lake ni 93.1, na la Hilux ni 106.1. Rimu ya Ranger haitaingia kwenye Hilux. Rimu ya Hilux itaingia kwenye Ranger, lakini itaning'inia kwenye bolti bila kukaa juu ya habu, na gari litatetemeka. Bolti zikiachiwa mzigo huo kwenye barabara mbaya, huchoka.

La tatu ni kina cha rimu, kile kinachoandikwa ET na nambari. Ni umbali kati ya mstari wa kati wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Rimu nyingi za aloi za Prado na Hilux za miaka ya karibuni ni kati ya ET25 na ET30. Ukifunga ET0 yenye upana uleule, gurudumu latoka nje milimita 25 hadi 30 kila upande. Gari laonekana limetanua miguu na vijana wanapiga picha, lakini beringi za magurudumu zavutwa kwa nguvu zaidi, usukani warushwa kwenye mashimo, na matope yapaka milango yote. Kutoka kidogo, milimita 10 hadi 15, mara nyingi huwa lazima ili tairi pana lisiguse mikono ya ndani. Zaidi ya hapo ni pambo linalolipiwa kwa beringi.

La nne ni upana. Tairi la 265/75R16 lataka rimu ya inchi 7 hadi 8. La 285/75R16 lataka 7.5 hadi 9. Rimu pana kupita kiasi huvuta ubavu ukatoka wazi kwa mawe, na ukipunguza upepo mchangani tairi hutoka kwenye rimu kirahisi.

La tano ni nati. Rimu nyingi za chuma za Toyota hutumia nati zenye mdomo wa koni, na aloi nyingi za kiwandani hutumia nati zenye shingo na washa bapa. Ukizichanganya, nati itaonekana imekaza kumbe imeshika ukingo tu. Magurudumu mengi yanayochomoka njiani huanzia hapa. Kila ukifunga rimu, kaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kuhusu vipande vya kutanulia vinavyowekwa kati ya habu na rimu: vile vyepesi visivyo na bolti zake, vinavyoteleza tu juu ya bolti za gari, viepuke kabisa.

Chuma au aloi?

Chuma ni kizito, lakini kikipigwa na jiwe hukunjika, na fundi wa kijijini hukinyoosha kwa nyundo. Aloi ni nyepesi na nzuri, lakini pigo kali huipasua. Sisi wa Pwani tuongeze jambo la tatu: chumvi. Rimu ya chuma iliyokwaruzwa huanza kutu haraka, na kutu kwenye ukingo unaokaa tairi huvujisha upepo pole pole. Ukishatembea ufukweni, osha kwa maji matamu, ndani na nje. Na tukitaja ufukwe, fukwe ambako kasa hutaga mayai, kama Watamu na Kiunga, si barabara. Gari liache juu.

Mwenye Land Cruiser ya zamani yenye rimu za vipande viwili na pete ya kufungia ajue kwamba pete ile ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua. Ijazwe na fundi anayeijua, ndani ya kizuizi cha chuma, na wengine wakae mbali.

Kununua: mpya au mtumba

Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilifunga kazi mwaka 2016, na soko letu hutegemea sana matairi yanayoingia kupitia bandari. Mengi ni mazuri. Ya mtumba yana hatari zake. Magari yanayotoka Japani wakati mwingine huja na matairi ya theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni. Meno yake ni mazuri na mengi, na bei huvutia, lakini mpira wake ni laini, umeundiwa baridi. Kwenye lami ya Mombasa ya saa saba mchana huisha upesi na hushika vibaya. Rahisi ghali.

Tazama tarehe, tazama nyufa ubavuni, ingiza mkono ndani utafute viraka, na udai risiti yenye saizi na idadi.

Upepo ni nusu ya tairi

Nunua geji na kompresa ndogo kabla ya kununua taa za juu ya paa. Kwenye mchanga laini, shuka hadi PSI 15 au 18, endesha polepole, usikate kona kwa ghafla. Ukifika lami, jaza tena kabla ya kukimbia. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye joto huchemka ndani na kupasuka.

Kwa lami, anza na kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Tairi la LT lataka zaidi kidogo kwa mzigo uleule. Mafundi wana kanuni nyepesi: pima asubuhi tairi likiwa baridi, kisha pima baada ya saa moja ya mwendo. Upepo ukipanda zaidi ya PSI 4 kwa tairi la kawaida, au 6 kwa LT, ulianza na kidogo. Ukipanda chini ya hapo, ulijaza mno. Badilisha nafasi za matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na spea iingie kwenye mzunguko.

Gari la juu si mashua

Mwishoni mwa 2023 na tena 2024, mafuriko yalikata barabara za Tana River na Lamu, na kila mara alionekana dereva aliyedhani kimo cha gari lake chatosha. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kuchukua magari mengi, yakiwemo haya makubwa. Tairi kubwa lina hewa ndani, nalo huelea. Hakuna saizi ya kuvukia mafuriko.

Na kabla ya kufunga chochote, ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kwamba gari limeinuliwa na limebadilishwa magurudumu. Bima husimama juu ya ukweli uliotangaza. Ukificha, siku ya ajali utaachwa na mabomba.

Kwa ufupi

Ukiwa na pesa za jambo moja tu, nunua matairi matano mazuri ya AT kwa saizi ya kiwanda, geji na kompresa. Yatakufikisha mbali kuliko gari refu lenye matairi dhaifu. Zikiongezeka, inua kiasi na upande hatua moja ya saizi. Rimu za kiwandani zikitosha upana, zibakishe. Zisipotosha, kagua yale mambo matano, moja baada ya jingine, na fundi akikuambia "itaingia tu", chukua pesa zako uende kwa mwingine.